Mchujo wa Ziwa Lisilo na Mamba

Tulivuni ni nchi isiyo na mamba. Jambo hili halina ubishi, kwa sababu lilitangazwa katika Gazeti la Serikali, ukurasa wa tatu, chini kidogo ya tangazo la kupotea kwa muhuri wa Gazeti la Serikali. Operesheni Ziwa Salama ilichukua wiki sita. Siku ya kuifunga, Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alipigwa picha akiwa amekanyaga kichwa cha mamba wa mwisho, na kama mamba huyo alionekana mkavu, pamba zikimchungulia mdomoni, basi hayo ni makosa ya mpiga picha.

Baadaye ukatoka waraka. Kwa kuwa mamba wamekwisha, ulisema waraka, mwananchi mwema hana sababu ya kuwataja, na anayemtaja mnyama asiyekuwepo ana nia ya kueneza taharuki. Kifungo chake miaka minne. Vitabu vya shule vikarekebishwa. Mafundi wa mikoba wakaandika kwamba bidhaa zao zimetengenezwa kwa ngozi ya mjusi aliyelishwa vizuri. Wavuvi wa Ziwa Lukenza nao, watu watiifu siku zote, wakaanza kusema "gogo". "Jana gogo limemchukua mbuzi wa Bi. Sizya," mtu angesema sokoni, na wote wangetikisa vichwa kwa huzuni bila kuvunja sheria yoyote.

Nyamizi Shilinde alikuwa tarishi wa posta katika mji wa Lukenza. Kwa miaka tisa aligawa barua kwa baiskeli katika vijiji vilivyolizunguka ziwa. Daraja la Kivuko Kipya liliposombwa na maji wiki moja baada ya kuzinduliwa, akawa anavuka kwa kuogelea, mkoba wa barua ameuviringisha kwenye nailoni. Na kijiji cha mwisho katika njia yake kilikuwa na mbwa saba wasiopenda posta, ndiyo maana alijua pia kukimbia. Hakuwahi kujiona mwanamichezo. Alijiona mtu aliyechoka.

Magogo aliyafahamu. Mara mbili pale kivukoni aliona macho mawili yakimtazama juu ya maji, yametulia tu, na mara zote mbili alirudi kinyumenyume hadi ukingoni, akakaa kwenye nyasi mpaka magoti yalipoacha kugongana. Barua za siku hizo zilichelewa. Katika daftari la ofisi aliandika: "Upepo."

Basi siku moja, alipokuwa akipanga barua za asubuhi, akakuta bahasha ya serikali yenye jina lake mwenyewe. Alijikabidhi, akajisainisha kwenye kitabu kama taratibu zinavyotaka, kisha akaifungua. Tulivuni ilikuwa imealikwa kwenye mashindano ya kimataifa ya michezo mitatu, yale ambayo mtu huogelea, hupanda baiskeli, halafu hukimbia, bila kupewa hata kiti katikati. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alikuwa amependezwa na wazo hilo. "Kwa barua hii," ilisema barua, "umeteuliwa kujitolea kwa hiari yako kushiriki mchujo wa timu ya Taifa, Ziwa Lukenza, Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi. Kutofika kutahesabiwa kuwa ni msimamo."

Nyamizi aliisoma mara tatu. Kisha akaenda kukaa juu ya gunia la vifurushi, kwa sababu magoti yalikuwa yameanza.

*

Kamati ya Taifa ya Michezo Mitatu ilikuwa na wajumbe arobaini na mmoja, na ili kuepuka upendeleo, hakuteuliwa yeyote anayejua kuogelea. Wote walifika Jumamosi ile na kuketi chini ya turubai. Mwenyekiti wao alikuwa Waziri wa Michezo, Mheshimiwa Filemoni Ndauka, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ndiye yule yule aliyeandika waraka wa mamba alipokuwa Wizara ya Maziwa. Pembeni yake alisimama Katibu wa Kamati, Bwana Teofili Makunga, mwembamba, mwenye kalamu nne mfukoni na tabasamu moja alilolitumia kwa shughuli zote.

Washindani walikuwa sita. Wa saba, Gervasi Ndauka, mwana wa Waziri, alikuwa amekwisha kufuzu sehemu ya maji siku iliyotangulia, katika bwawa la hoteli, kwa kuwa maji ni maji. Alikaa humo dakika arobaini, ameshika ngazi. Muda wake uliandikwa kuwa bora.

"Maji haya mnayoyaona," Waziri alihutubia, "si maji ya kawaida. Ni maji yaliyokombolewa! Mtu akiyaogopa maji haya, anaiogopa serikali."

Mkono ulinyooshwa. Ulikuwa wa Mwalimu Mkwinda, mmoja wa wale sita, mfundishaji wa hesabu katika shule ya Lukenza, mtu mrefu, mzuri wa moyo, ambaye kasoro yake ilikuwa moja tu: akisikia jambo halijakamilika, lazima aulize.

"Mheshimiwa, kuiogopa serikali kumekatazwa au kunatakiwa?"

Wajumbe arobaini wakatazama chini. Katibu Makunga akatabasamu.

"Swali zuri, Mwalimu. Lingine?"

"Kuna hili la magogo."

"Magogo gani?"

"Haya yanayokwenda kinyume na mkondo."

Nyamizi, aliyesimama karibu naye, akamkanyaga mguu. "Mwalimu, nyamaza," akamnong'oneza. "Nakuomba kwa jina la watoto wako."

"Nauliza tu, dada Nyamizi."

"Ndiyo hicho hicho. Usiulize."

Bastola ikalia, wakaingia.

Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyokosa maziwa. Nyamizi aliogelea kichwa juu, kama alivyozoea kivukoni, akitazama kushoto, kulia, kushoto. Alihesabu pumzi zake ili asifikirie miguu yake ilivyokuwa ikining'inia huko chini, peke yake, mbali naye. Mwalimu Mkwinda alikuwa mbele kwa urefu wa mitumbwi miwili, akirusha mikono kwa furaha. Upande wake wa kulia kulikuwa na gogo. Kisha gogo likawa karibu zaidi. Kisha likafumbua macho.

Nyamizi hakuamua kupiga kelele. Kelele ilimtoka yenyewe, nzima, kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo:

"Mamba! Mwalimu, mamba!"

Yaliyotokea ufukweni aliyasikia zaidi kuliko kuyaona. Turubai lilianguka. Bendi ya Magereza ilikimbia na tarumbeta zake lakini ikasahau ngoma. Wajumbe arobaini na mmoja, ambao kwa pamoja walikuwa na umri wa miaka elfu mbili na ushei, walipanda mlima wa Lukenza kwa mwendo ambao haukupimwa, kwa kuwa mpima muda alikuwa miongoni mwao. Waziri aliongoza. Waliobaki walikuwa wavuvi wawili na mtumbwi wao, na ni hao waliompiga mnyama yule kwa makasia usoni mpaka akaachia. Nyamizi alimshika Mwalimu Mkwinda kwapani. Maji yaliyomzunguka yalikuwa ya moto, na alipokwisha kufika nchi kavu na kuuona mguu wa Mwalimu ndipo alipoelewa kwa nini yalikuwa ya moto.

*

Alikwenda kumwona hospitalini siku ya tatu. Mwalimu alikuwa amelala wodi ya ajali za barabarani. Mguu wa kushoto uliishia kwenye goti.

"Pole, Mwalimu."

"Nimeshapoa. Kaa." Akatazama mlangoni, ambako askari kanzu alikuwa akisoma gazeti alilolishika juu chini. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika: "Ilikuwa baiskeli, dada Nyamizi."

"Baiskeli?"

"Baiskeli. Imeandikwa kwenye cheti. Nimetia sahihi. Ilinigonga nikiwa naogelea." Nyamizi hakujua kama Mwalimu anataka kucheka au kulia. "Wamenishitaki kwa kuiharibu. Lakini wamesema shauri litafutwa nikiacha kuuliza maswali. Na wewe watakuita. Watakupa karatasi. Tia sahihi."

"Mwalimu..."

"Usiisome. Ukiisoma utataka kuuliza kitu. Tia tu."

Walimwita siku hiyo hiyo. Ofisini kwa Waziri kulikuwa na zulia ambalo viatu vyake vya posta viliacha alama, na alizitazama alama hizo muda wote ili asilazimike kumtazama mtu. Waziri Ndauka alikuwa amefungwa bandeji kwenye kisigino, alijikwaa mlimani.

"Tuna tatizo dogo la lugha," Waziri alisema. "Wewe ulipiga kelele. Wajumbe wakakimbia. Sasa, kama ulitaja kitu, basi wajumbe walikiamini, na mjumbe anayeamini kitu kisichokuwepo anakuwa na kesi. Umenielewa? Sote tunakuwa na kesi. Hata mimi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo hukukitaja."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kamati imekaa siku mbili na kuchunguza suala hili," alisema Katibu Makunga. Alisogeza karatasi mbele ya Nyamizi. "Imebaini kwamba mshindani, kwa furaha ya kuliwakilisha Taifa, aliwasalimia wananchi kwa salamu ya vijana. Alisema 'Mambo!' Herufi ya mwisho ililiwa na upepo. Nao wajumbe, kwa ari, wakapanda mlimani kumwona vizuri zaidi."

Nyamizi alitazama alama za viatu vyake. Alifikiria maji ya moto. Alifikiria gereza la Kilimamoja, ambako aliwahi kupeleka barua za watu, na mara nyingi akarudishiwa kwa maelezo kwamba mpokeaji hajulikani.

"Kalamu iko wapi?" aliuliza.

"Mambo," alisema Katibu kwa upole, akimwelekeza pa kutia sahihi.

Hakujua kama alikuwa anamsomea au anamsalimia. Kwa hofu ya kukosea akajibu, "Poa."

*

Jambo lingeishia hapo, lakini ripoti ilikuwa nzuri mno. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa aliisoma mpaka ile sehemu ya wajumbe kupanda mlima kwa ari, machozi yakamlenga, akatamka kwamba mchujo urudiwe ili naye aushuhudie kwa macho yake. Washindani wote waingie ziwani. Wote, aliongeza, akiwemo yule kijana mwenye muda bora.

Asubuhi ya marudio Gervasi Ndauka alisimama ufukweni amevaa kaptura mpya. Alikuwa na miaka ishirini na sita na miguu myembamba. Nyamizi alikuwa amejiandaa kumchukia, lakini mtu anayetetemeka meno namna ile ni vigumu kumchukia.

"Dada," Gervasi alimwuliza, "ni kweli umewahi kuvuka ziwa hili?"

"Mara nyingi."

"Na hakuna kitu?"

Nyamizi alitazama kushoto, ambako walisimama askari. Akatazama kulia, ambako walisimama askari wengine. "Serikali imesema hakuna," alijibu.

Kijana akafumba macho.

Muda mfupi kabla ya bastola, Waziri mwenyewe alishuka kutoka jukwaani, akachechemea hadi alipokuwa Nyamizi, akainama kana kwamba anakagua namba ya kifuani mwake. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake.

"Mama," alisema chini kwa chini, na hakuna aliyewahi kumsikia akimwita mtu wa posta hivyo. "Yeye hajui maji. Nakuomba uogelee karibu naye. Wewe unayajua... ukiona gogo..."

"Nikiliona, Mheshimiwa, niseme nini?"

Waziri alifungua mdomo. Nyuma yake, jukwaani, Mlezi wa Taifa alikuwa akipungia watu mkono, na Katibu Makunga alikuwa akiwatazama wao wawili, akitabasamu. Waziri akafunga mdomo. Aliirekebisha namba ya Nyamizi, ambayo haikuwa na tatizo, akarudi kwenye kiti chake.

Waliingia majini. Safari hii Nyamizi hakuhesabu pumzi. Alishindwa hata kufika tatu. Gervasi alikwenda kama kuku aliyetupwa kisimani, akimeza maji na kuyatema, na Nyamizi alimzunguka huku na huku bila kujali mbio wala ushindi. Walikuwa wamefika katikati ya maboya mawili alipoliona. Halikuwa mbali. Lilikuja polepole, bila kuvuruga maji, likielekea kwenye miguu ile myembamba.

Neno lilimjia mpaka kooni. Likakwama. Aliliona jukwaa, aliiona karatasi yenye sahihi yake, akawaza Kilimamoja, na kilichomtoka kilikuwa kile tu ambacho karatasi ilimruhusu.

"Mambo!" alipiga kelele. "Mambo! Mambo!"

"Poa!" wakaitikia askari waliokuwa kwenye boti, kwa nidhamu.

"Poaaa!" likaitikia jukwaa zima, na bendi ya Magereza ikapiga. Mheshimiwa Mlezi alisimama akapiga makofi juu ya kichwa chake. "Vijana wana ari!" alisema.

"Mambo!" Nyamizi alilia sasa, akimvuta Gervasi kwa kaptura. "Jamani, mambo!"

Mtu mmoja tu pale jukwaani alijua Nyamizi alikuwa akisema nini. Waziri Ndauka alisimama. Alikaa. Alisimama tena. Kisha ile sauti nzuri, iliyowahi kulisomea Bunge waraka kutoka kifungu cha kwanza hadi cha mwisho bila kukohoa, ikapasuka juu ya bendi na juu ya makofi:

"Mamba! Pigeni risasi, ni mamba! Mwanangu! Mamba, enyi wapumbavu, MAMBA!"

Akaruka. Alikuwa na suti, viatu, na nishani tatu, na hakujua kuogelea, lakini aliingia ziwani mpaka maji yakamfika kifuani, mikono ameinyoosha mbele. Risasi zililia kutoka kwenye boti. Maji yakachemka, mkia ukapiga mara moja, ukazama. Nyamizi alimburuta Gervasi mpaka alipoweza kusimama. Baba mtu alimdaka, akampapasa mguu mmoja, akapapasa wa pili, akarudia tena kuuhesabu ule wa kwanza, kisha akakaa palepale kwenye maji machafu, akimkumbatia kijana wake na kulia kama mtoto.

Ufukweni hakuna aliyekimbia; wote walimtazama kwanza Mlezi wa Taifa ili kujua kama inafaa.

"Huyu," Mlezi aliuliza taratibu, "amesema nini?"

*

Waziri mpya aliapishwa saa tisa alasiri. Alikuwa Mheshimiwa Teofili Makunga. Katika hotuba yake ya kwanza alieleza kwamba Ziwa Lukenza ni salama kama lilivyokuwa, na kwamba mtangulizi wake alishikwa na ugonjwa wa kuona vitu. Kuhusu timu ya Taifa, aliahidi kwamba Nyamizi Shilinde amefuzu, hati yake ya kusafiria iko tayari, na kilichobaki ni maelezo mafupi tu ya shahidi katika kesi ya mtangulizi huyo.

Maelezo hayo yalitakiwa kuandikwa kituo kikuu cha polisi, Jumatatu asubuhi. Kaunta ilikuwa ya mbao, na nyuma yake aliketi Sajenti Mwanaidi, mwanamke mwenye miwani, anayeandika kwa mwandiko wa shule. Ukutani kulikuwa na benchi moja. Juu yake alikaa Filemoni Ndauka, bila viatu, bila mkanda, suruali ameishika kwa mkono. Alimtambua Nyamizi, akatazama sakafu.

"Wewe ndiwe uliyekuwa karibu zaidi," alisema Sajenti. "Karatasi imekwisha kuandaliwa. Nakusomea. 'Mimi niliyetaja jina langu hapo juu, nikiwa majini, sikuona mnyama yeyote. Niliona gogo.' Tia sahihi hapa. Hati yako ya kusafiria ndiyo hii. Gari la kwenda uwanja wa ndege liko nje."

Nyamizi alisikia injini ya gari. Aliishika kalamu. Alisema moyoni kwamba mtu huyu aliandika waraka, kwamba mtu huyu aliufanya mguu wa Mwalimu Mkwinda kuwa baiskeli, kwamba miaka minne kwake ni haki kuliko haki zote zilizowahi kutendeka Tulivuni. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini alimwona tena amesimama kwenye maji yale, mikono mbele, viatu vyake vizuri vikizama matopeni, akilitaja neno. Magoti yakaanza kugongana. Safari hii hakukuwa na gunia la kukalia, akashika ukingo wa kaunta.

"Sajenti, samahani. Kuna neno limekosewa."

"Lipi?"

"Gogo."

Sajenti Mwanaidi alivua miwani. "Dada yangu," alisema polepole, "mimi nina watoto. Nawe unaonekana mtu mwema. Liache neno kama lilivyo."

"Alikuwa mamba," alisema Nyamizi. "Mkubwa. Alimfuata kijana, nikamwona kwa macho haya. Na yule wa kwanza, aliyemkata Mwalimu, naye alikuwa mamba. Yale ya 'Mambo!' niliyoyatilia sahihi ofisini kwa Waziri yalikuwa uongo. Andika hivyo. Nitatia sahihi."

Sajenti akavaa miwani yake, akachukua karatasi mpya, akaandika, herufi moja baada ya nyingine, bila kuinua kichwa. Nyamizi akatia sahihi. Hati ya kusafiria ikarudishwa kwenye droo, droo ikafungwa kwa ufunguo, na huko nje gari likaondoka.

"Kaa pale," alisema Sajenti.

Benchi lilikuwa moja tu. Ndauka alijisogeza mpaka ukutani ili kumpa nafasi, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umeshika suruali, ilimchukua muda. Nyamizi akaketi.

"Unaogopa?" mzee alimwuliza baadaye.

"Sana."

"Na mimi pia," alisema. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, wakisubiri kuitwa.